Mtoto analilia jina: majina tunayowapa watoto, huku kwetu na kwa wenzetu

MLETA UZI

Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni mkunga, huu ni mwaka wa 19 niko wodi ya wazazi. Katika kazi hii hakuna swali nililouliza mara nyingi kama hili: "Mama, mtoto anaitwa nani?" Nauliza kalamu ikiwa mkononi, maana tangazo la kizazi lina nafasi ya jina, na jina likishaingia kwenye makaratasi ya serikali kulitoa ni safari. Wengine hujibu kabla sijamaliza kuuliza. Wengine husema tumsubiri baba yake. Anayenyamaza simharakishi, kwa sababu nimeshajua kwamba anayenyamaza mara nyingi ameshawahi kuzika mtoto.

Juzi nilikuwa zamu ya kliniki. Binti mmoja, mimba ya kwanza, wiki ya 34, alinionyesha kwenye simu orodha ya majina ya watoto yanayopendwa zaidi duniani. Liam, Noah, Olivia, Emma. Akaniomba nimsaidie kuchagua. Nikamuuliza, bibi yako anaitwa nani? Akainamisha kichwa: "Chausiku. Lakini hilo la kizamani, dada."

Foleni ilikuwa ndefu, sikupata nafasi ya kumjibu, na siku mbili hizi jambo lenyewe halijanitoka. Namjibu hapa. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande.

Nianze na jina langu. Naitwa Tabu. Mama alizaa watatu kabla yangu na hakubaki hata mmoja. Nilipozaliwa, bibi mzaa baba akasema huyu asipewe jina la kupendeza. Kifo kikipita mlangoni kikiuliza nani yumo ndani, kiambiwe yumo Tabu tu, kiende zake. Shuleni nililia kwa jina hili. Nilipofika chuo cha uuguzi nikataka kwenda kwa wakili nikale kiapo nilibadilishe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hilo ndilo lililokushika mkono." Sikulibadilisha, na leo siwezi kujibu nikiitwa kwa jina jingine.

Nilidhani hayo ni ya kwetu peke yetu. Tuna akina Shida, Tabu, Mtumwa, Sikitu, majina ya kumfanya mtoto aonekane hana thamani ili asichukuliwe. Kumbe Wayoruba wa Nigeria, mtoto anayezaliwa baada ya wenzake kufa wanaweza kumwita Kokumo, "hafi tena", au Durosinmi, maana yake "baki unizike mimi". Mzazi anamwomba mtoto asimtangulie kaburini. Waigbo wana Ozoemena, "lisitokee tena". Na Korea, watu walio mbali nasi kabisa, mtoto alikuwa akipewa jina baya la utotoni ili maradhi yamdharau. Gojong, aliyekuja kuwa mfalme na baadaye kaisari wa nchi ile, inaelezwa kwamba utotoni aliitwa Gaettong, yaani kinyesi cha mbwa. Mtoto wa ukoo wa kifalme!

Hawa watu hawakukaa kikao. Hawakuazimana. Kilichokuwa kinawaua watoto wao ndicho kilichokuwa kinawaua wa kwetu, na mama wa Busan kule Korea na mama wa Pangani wakafika kwenye wazo moja, kila mmoja kwenye giza lake. Ndiyo maana mtu akiniambia majina haya ni ushamba naumia.

MCHANGIAJI, DODOMA

Shikamoo dada Tabu. Nimesoma nikanyamaza. Lakini hizo orodha za kwenye simu nazo si zina ukweli wake? Zinatoka serikalini kwao.

MLETA UZI

Marahaba mdogo wangu. Zina ukweli, na mimi nazipenda kuzisoma. Ila zisomwe kwa makini.

Marekani, ofisi yao ya hifadhi ya jamii ina hesabu ya majina ya watoto kurudi nyuma hadi mwaka 1880. Ukiifuata unaona mambo ya ajabu. Mary alishika namba moja kwa wasichana toka mwanzo wa hesabu hadi 1946 bila kushuka. Mwaka 1947 akapitwa na Linda. Kwa nini Linda? Kulikuwa na wimbo wenye jina hilo unaovuma redioni wakati ule, basi, nchi nzima ikaanza kuzaa akina Linda. (Nimewazalisha akina Linda wengi hapa pia, na kwetu neno hilo limepata maana ambayo Wamarekani hawakuiwaza: linda, tunza.) Baadaye Jennifer akatawala kuanzia 1970 hadi 1984, kisha akatoweka juu. Kwa wavulana, Liam amekuwa juu tangu 2017.

Sasa sikiliza sehemu ambayo orodha haikuambii. Mwaka 1880, John peke yake alichukua wavulana 8 katika kila 100 wa kwenye hesabu ile. Leo Liam ni namba moja lakini katika kila wavulana 100 hafikishi hata 2. Kwa hiyo jina "linalopendwa zaidi" la leo ni jina la watu wachache mno kuliko namba moja wa zamani. Wazazi wametawanyika, kila mmoja anatafuta la kwake. Binti yetu anadhani akichagua Olivia anajiunga na dunia. Dunia yenyewe inakimbia kutafuta jina ambalo jirani hana.

Jingine ni tahajia. Uingereza na Wales, takwimu za 2023 zilimweka Muhammad namba moja kwa wavulana, watoto 4,661, akimpita Noah. Watu wakabishana sana. Lakini wale wanahesabu kila tahajia peke yake: Muhammad mbali, Mohammed mbali, Mohammad mbali, na zote tatu zimo katika mia ya juu. Ungezijumlisha, namba moja angejulikana miaka mingi nyuma. Kwetu pwani tungeongeza na Mohamedi na Muhamadi. Mtume ni mmoja, makarani ndio wengi.

MCHANGIAJI, KISUMU

Dada Tabu, huku kwetu Waluo huhitaji orodha, saa ndiyo inakupa jina. Otieno amezaliwa usiku, Omondi alfajiri, Onyango jua likiwa linapanda, Achieng ni msichana wa jua kali, Odhiambo jioni. Okoth mvua ilikuwa inanyesha. Huyo bibi Chausiku angekuwa huku angeitwa Atieno na hakuna mtu angesema ni la kizamani, kila darasa lina Atieno watatu.

MLETA UZI

Asante sana kaka. Hilo ndilo nilitaka mtu wa huko aseme. Jina lile lile, maana ile ile, Kisumu linavaliwa kifua mbele na huku tunalionea haya.

Na siku za wiki. Sisi tuna Juma, Hamisi, Jumanne, Mwanajuma, Mwanahamisi. Ukiongeza miezi unapata Rajabu, Shabani, Ramadhani. Waakan wa Ghana wamelipanga hili mpaka likakamilika, siku saba zote, mvulana na msichana. Ijumaa ni Kofi na Afua, Jumamosi Kwame na Ama, Jumapili Kwasi na Akosua, hivyo hivyo hadi Alhamisi ambayo ni Yaw na Yaa. Kofi Annan alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938, ikiwa Ijumaa, pamoja na pacha wake wa kike. Jina lake la kati lilikuwa Atta, maana yake pacha. Kwa hiyo mtu aliyeongoza Umoja wa Mataifa, ukijua lugha yao, jina lake lilikuambia siku aliyokuja na kwamba hakuja peke yake.

Wa Bali, kule Indonesia, wanafuata zamu ya kuzaliwa: Wayan, Made, Nyoman, Ketut, na wa tano anarudi kuwa Wayan. Kwetu Mosi, Pili, Tatu. Nawajua dada wawili, Pili na Tatu, na Mosi wao hayupo. Kila wakiitwa, yule wa kwanza anakumbukwa bila kutajwa.

MCHANGIAJI, KAMPALA

Na mapacha? Buganda mtoto wa kiume wa kwanza ni Wasswa, wa pili Kato. Wasichana ni Babirye na Nakato. Anayewafuata ni Kizza. Hata baba na mama wanabadilika majina, wanakuwa Ssalongo na Nnalongo mpaka kufa.

MLETA UZI

Mapacha! Hapa ndipo penye moyo wangu, mnisamehe nikienda kwa urefu.

Wasukuma na Wanyamwezi: Kulwa wa kwanza, Doto wa pili, na anayewafuata Shija. Burundi: Bukuru mkubwa, Butoyi mdogo. Waluo: Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo. Pwani kwa Waislamu, Hasani na Huseini. Angalieni jinsi jamii hizi zote zilivyokataa kuchagua: kwa mtoto mmoja mnaweza kubishana wiki nzima, lakini kwa mapacha jina limeshakuja nao, nani ametangulia basi. Kwa hiyo sisi wakunga tuna dhamana kubwa. Pacha wa kwanza akitoka tunamfunga alama mkononi papo hapo, kabla hata ya kumpangusa vizuri, kwa sababu dakika kumi baadaye ukiwalaza pamoja hata mama hajui. Sisi kwenye karatasi tunaandika Pacha I na Pacha II kwa ajili ya dawa na uzito. Bibi yuko nje ya mlango anasubiri kitu kingine kabisa: nani Kulwa. Niliwahi kupewa zamu na mwenzangu bila alama kufungwa, na bibi mmoja wa Kisukuma akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nambie ukweli, Doto ni yupi?" Nilirudi kwenye jalada, nikamtafuta muuguzi aliyekuwepo, mpaka tukajua kwa hakika. Sikuwa tayari kumbahatishia.

Wayoruba, ambao mapacha kwao ni wengi kuliko karibu pote duniani, wameligeuza. Anayetoka kwanza ni Taiwo, "aliyetangulia kuonja dunia". Anayefuata ni Kehinde. Lakini mkubwa ni Kehinde! Wanasema mkubwa alimtuma mdogo atangulie aangalie hali ikoje, akilia ni ishara kwamba pako salama. Mara ya kwanza kuisikia hadithi hii nilikuwa nimetoka kuzalisha mapacha, na yule wa pili alichelewa dakika 20 tukiwa roho mkononi. Nikasema kimoyomoyo, kumbe alikuwa anamsikiliza mwenzake.

MCHANGIAJI, BUJUMBURA

Amahoro dada. Burundi na Rwanda jina ni sentensi nzima. Ndayishimiye, "namshukuru Mungu". Habimana, "Mungu yupo". Hakizimana, "anayeponya ni Mungu". Nkurunziza, "habari njema". Na kila mtoto anapewa lake, hatuchukui la baba. Ndugu watano wa tumbo moja wana majina matano tofauti, halafu ukienda Ulaya uwanja wa ndege wanakuuliza kama kweli huyu ni mwanao.

MCHANGIAJI, GOMA

Mama Tabu, jambo. Huku Kivu majina ya Kiswahili ni mengi kuliko hata kwenu: Furaha, Mapendo, Sifa, Faida, Vumilia. Na ya uchungu iko pia, Machozi, Mateso, wengi walizaliwa wakati wa vita. Kuhusu serikali kuingilia jina, sisi tunajua. Baba yangu alibatizwa Pierre. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kizungu, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akajiita Mobutu Sese Seko. Baba akawa Pierre ndani ya nyumba na mtu mwingine kwenye kitambulisho. Mpaka leo Mukongomani ana majina matatu, na ya kizungu ilirudi ikakaa mwisho.

MLETA UZI

Asanteni wote wawili. Ndugu wa Goma, umenifungulia mlango wa kipande nilichokuwa nakiogopa.

Serikali na majina. Ufaransa, sheria ya mwaka 1803 iliruhusu majina ya kwenye kalenda na ya watu wa historia ya kale tu. Sheria hiyo ilisafiri na ukoloni, na ndiyo maana Afrika ya Magharibi utakutana na mtu anaitwa Fetnat: alizaliwa tarehe 14 Julai, na kalenda ya Kifaransa pale imeandikwa kwa kifupi "Fêt. Nat.", yaani sikukuu ya taifa. Mzazi alisoma kalenda kwa uaminifu. Wafaransa wenyewe waliachiwa huru mwaka 1993, ila karani akiona jina litamdhuru mtoto humjulisha mwendesha mashtaka wa serikali, naye anaweza kulipeleka kwa hakimu. Mwaka 2014 mahakama ilimkatalia mtoto jina Nutella, akaitwa Ella.

Iceland wana kamati ya majina tangu 1991, na jina lazima likubali kunyambulika kwa sarufi yao. Japani huandiki jina kwa herufi yoyote ya Kichina (kanji) upendayo. Kuna zile 2,136 za matumizi ya kawaida na nyingine zaidi ya 800 zilizoruhusiwa kwa majina. Mwaka 1993 baba mmoja alitaka kumwita mwanawe Akuma, yaani Shetani, ofisi ya mji ikagoma. New Zealand wanakataa majina ya vyeo, King anakataliwa karibu kila mwaka. Mwaka 2008 hakimu wa huko alimweka mtoto wa miaka 9 chini ya ulinzi wa mahakama ili tu jina lake libadilishwe. Mtoto alikuwa anawaficha hata marafiki.

Mimi ninamwelewa hakimu huyo. Mtoto wa miaka tisa anayeficha jina lake ameshaumizwa. Lakini nikilala nawaza: Tabu angepita kwenye ofisi hizo? Karani mwema angenitazama, angesema "kwa maslahi ya mtoto, hapana", na angeniandika Grace. Asingejua kwamba alilolifuta ni ngao. Sheria inaweza kusoma maana ya neno. Kwa nini bibi alilichagua, hilo halimo kwenye fomu, na hakuna anayeuliza.

MCHANGIAJI, NYERI

Kwetu Wagĩkũyũ mzazi hachagui. Mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Msichana wa kwanza nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Baadaye ni wajomba, amu na shangazi. Shida ni siku hizi watu wanazaa wawili.

MLETA UZI

Umeigusa shida ambayo sijaona ikijadiliwa. Utaratibu huo ulijengwa kwa nyumba yenye watoto saba au wanane, kila mzee anafikiwa. Ukizaa wavulana wawili ukafunga, nyanya wote wawili wamekosa mtu wa kuwabeba. Nilimhudumia mama wa Kikikuyu aliyeolewa huku, alijifungua mvulana wa pili akalia. Nikadhani ni maumivu. Alikuwa anamlilia mama yake, kwamba jina lake sasa halitaitwa tena ndani ya nyumba.

MCHANGIAJI, MUSCAT

Bi Tabu, mimi asili Unguja. Huku ukisikia Khalfan, Nassor au Zuwena hujui kama mtu ni wa Nizwa au wa Mkunazini. Lakini Makame, Pandu na Vuai nimeyaacha Unguja, huku siyasikii. Naomba uguse moja: ni kweli mtoto hulilia jina?

MLETA UZI

Nimeulizwa hili maisha yangu yote ya kazi, na nitajibu kama mkunga kwanza.

Mtoto akilia bila kunyamaza, pima joto. Angalia kitovu, kama ni chekundu au kinatoa harufu. Angalia kama ananyonya na kama tumbo limekaza. Homa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, au kukataa ziwa, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Usikae ukitafuta jina mtoto akiwa anaungua.

Akiwa mzima wa afya na bado analia, mimi simzuii bibi. Nimeona mara nyingi. Bibi anampakata, anainama sikioni, anaita majina ya waliotangulia, moja, anasubiri, jingine, anasubiri. Kwenye jina mojawapo mtoto ananyamaza, na ukoo unasema huyu ndiye aliyerudi. Wayoruba wanaliandika hilo kwenye jina kabisa: Babatunde, "baba amerudi", na Yetunde, "mama amerudi". Pwani kwa Waislamu kuna utaratibu mwingine, adhana kwenye sikio la kulia mtoto anapozaliwa, kisha siku ya saba akika, kunyolewa nywele na jina. Njia zote mbili nimeziona kwenye nyumba moja, wiki moja.

Ninachoweza kushuhudia ni hiki: wakati bibi anaita, mama amelala. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, mtu mwingine amempokea mtoto, na majina ya wazee yanatajwa juu ya kichwa chake.

Binti wa kliniki, kama unasoma: Olivia ni jina zuri. Lina mzeituni ndani yake. Lichukue kama unalipenda. Ila kwanza muulize bibi yako usiku ule ulikuwaje. Nani alishika taa. Kama mvua ilikuwa inanyesha, kama mkunga alifika. Wewe unajua jina tu, yeye ana usiku mzima.

MREJESHO

Samahanini kwa kimya cha wiki tano, zamu zimekuwa nyingi.

Binti amejifungua leo, saa kumi alfajiri, wa kike, kilo 3.1, salama wote wawili. Taa ya wodi ilizimika mara moja umeme ulipokatika, tukamalizia kwa tochi ya simu, mimi nikiwa nimeishika kwa meno. Nilipochukua kalamu kumuuliza lile swali langu, alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Dada Tabu, hilo tangazo linaweza kungoja mpaka mchana?"

Nikamwambia linaweza. Bibi anatoka Handeni na basi la asubuhi. Nafasi ya jina nimeiacha wazi.